Picha ya Shemeji Juu ya Paa

Aliyekosa yaliyotangulia asihangaike, nitamfupishia. Mimi ni fundi wa lifti. Kampuni hunituma miji ya watu, nikafunga lifti, nikazijaribu, nikarudi. Mara ya mwisho niliwaacha nikiwa nimeshuka kwenye ndege, nimewasha simu, nakuta meneja amenitafuta mpaka amechoka. Lifti namba tatu, ya jengo tulilotoka kulimaliza, imemjeruhi mama wa usafi. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, niliyemwacha kule akabidhi funguo, yuko mikononi mwa polisi wa nchi ya watu.

Basi kaa vizuri, maana hapo ndipo nilidhani mabaya yamefika mwisho. Mabaya yalikuwa bado yanafunga viatu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama mkwe sebuleni, amekalia kiti changu, mkoba wake bado begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Si pole na safari, si umefikaje. Mwenzako yuko wapi! Nilitua begi langu taratibu, ili nipate muda wa kufikiri.

"Yuko salama, mama. Wanamhoji tu."

"Mtu salama anahojiwa nini?"

"Ni taratibu zao. Watamwachia."

"Nilikukabidhi mkononi," akasema. "Siku mnaondoka nilikwambia, huyu ni kitinda mimba wangu. Ukila na yeye ale, ukilala na yeye alale. Ulinijibu nini?"

"Nilisema nitamrudisha."

"Haya," akasema. Ningependa anitukane, kwa kweli.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu. Hakuniuliza kitu. Alinipokea begi, akanishika mkono, akasema, "Ahsante Mungu wewe umerudi." Nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nikueleze wewe msomaji kilichotokea kule. Wewe hunipikii wala hulali chumba kimoja na mimi, kwa hiyo kwako naweza kusema kweli.

Kwanza ujue ugonjwa wangu. Wenzangu wakisafiri kikazi hurudi na viatu na manukato. Mimi hurudi na picha. Fundi wa lifti hufika juu kabisa ya kila jengo, kule wageni wanakofungiwa mlango, na kutoka juu mji wa watu unakuwa wako peke yako. Ukuta wa sebule yangu umejaa miji: mapaa, matangi ya maji, nguo zimeanikwa, barabara nyembamba kule chini na magari yake kama siafu. Mke wangu husema nimezunguka dunia nzima bila kuikanyaga.

Halafu ujue jambo la pili. Simu tunazopewa na kampuni huigonga kila picha tarehe na saa, pale pembeni chini, kwa rangi ya njano. Ni sharti la kazi. Lifti haifunguliwi kwa watu mpaka fundi mmoja ashike breki, mwenzake ampige picha, na saa ionekane. Mimi sijawahi kuihangaikia alama hiyo. Miji yangu yote ukutani imegongwa saa, na watoto walipokuwa wadogo walidhani ni bei.

Jaribio la breki lenyewe ni kazi ya punda. Mnapakia vyuma vya uzito ndani ya lifti, kimoja kimoja, mpaka uzidi ule wa watu inaoruhusiwa kubeba. Mnaishusha, mnaikatia umeme ghafla, mnaona kama breki itaishika. Kisha mnavitoa vyuma vilevile, kimoja kimoja. Saa nzima inakwenda, na mgongo unaifuata. Jengo lile lilikuwa na lifti tatu. Ya kwanza tuliijaribu. Ya pili tukaijaribu. Ilipofika zamu ya tatu, jua lilikuwa limeinama, na kwenye kidirisha cha chumba cha mashine niliona mji mzima umegeuka rangi ya asali.

"Shemeji," nikamwambia, "badilisha glavu. Shika hii hii breki ya namba mbili, nikupige nyingine."

"Na ya tatu?"

"Zimetoka kiwanda kimoja, zimefungwa na mikono ileile. Hii ikishika, na ile itashika."

"Shemeji, hatujaipakia hata chuma kimoja."

"Kati yangu na wewe, fundi mkuu nani?"

Akacheka. Ndiyo tabia yake, ukimkalia kichwani anacheka. Akavaa glavu nyingine, akashika breki, nikaipiga picha mikono yake. Kwenye ripoti nikaandika kwamba namba tatu ilijaribiwa kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa kumi na mbili, na aliyejaribu ni yeye. Kisha nikamkokota juu ya paa kabla jua halijatukimbia.

Nilimsimamisha katikati, akatanua mikono yote miwili, mji mzima nyuma yake, akacheka mpaka magego yakaonekana. Kati ya picha zote nilizopiga maishani, ile ndiyo nzuri kuliko zote. Palepale nikamtumia mke wangu. "Mtazame mdogo wako," nikamwandikia, "ameshakuwa mwenye mji."

Asubuhi yake nikapanda ndege.

Watu hudhani lifti ikikosa breki inaporomoka. Ikiwa na mtu mmoja tu ndani haiporomoki, inapanda, kwa sababu ule uzito unaoning'inia upande wa pili unamshinda. Mama wa usafi alikuwa anatoka na toroli lake la ndoo na mafagio. Mguu mmoja nje, mmoja ndani, milango wazi, lifti ikaanza kupanda.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa turudi nyumbani.

Siku ya pili meneja alinipigia. Tangu nianze kazi pale hajawahi kuniita ndugu, lakini siku hiyo niligeuka ndugu yake wa damu.

"Ndugu yangu, tulia. Wakili ameisoma ripoti yenu. Safi kabisa. Jaribio limefanyika, picha ipo, saa ipo. Maana yake kosa ni la kiwanda kilichotengeneza breki. Kijana anaachiwa wiki hii hii."

"Kabisa?"

"Kabisa. Ila mdomo. Usiongee na mtu."

"Hata mke wangu?"

"Kwani mkeo si mtu?"

Nikakata simu, nikakaa kitandani na viatu vyangu. Unaona mtego ulivyo? Uongo wangu ndio uliomfunga shemeji, na sasa uongo huohuo ndio ungemfungua. Nikisema kweli, ripoti inachanika, na pamoja nayo inachanika kinga pekee aliyokuwa nayo. Nikajiambia: unanyamaza kwa ajili yake, bwana, si kwa ajili yako. Nilijiambia hivyo mara nyingi mpaka nikakaribia kusadiki.

Siku iliyofuata shemeji aliruhusiwa kupiga simu. Alipiga kwa dada yake, na sebule nzima ikaizunguka ile simu kama moto usiku wa baridi. Mama mkwe alimuuliza anakula nini. Akasema mkate. Akamuuliza analalia nini. Akasema godoro, mama, zuri tu. Kisha akasema, "Nipeni shemeji. Toeni spika."

Nikaenda nayo uani.

"Mama anakula kweli?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Mlazimishe. Shemeji, wamenionyesha ile picha. Wananiuliza kama mikono ile ni yangu."

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo. Si ni yangu?"

"Wakili anasema…"

"Najua anachosema wakili. Ameniambia nirudie maneno ya ripoti, na nimeyarudia." Sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mtu aliyeugua homa. "Yule mama wa usafi ulimwona wewe? Siku ile asubuhi alitusalimia pale chini. Akatuuliza kwa ishara kama lifti zimepona. Nikamwonyesha kidole gumba."

"Usijitese, shemeji."

"Sijitesi. Nauliza tu. Wewe unalala?"

"Nalala," nikasema, na wala silali.

"Vizuri. Angalau mmoja wetu alale."

Simu ikakatika. Nilibaki uani nimeishika, machozi yananitoka waziwazi, mtu mzima mwenye ndevu. Nikaapa siku hiyohiyo nitamwambia mke wangu kila kitu.

Nilimkuta kwenye beseni, anafua. Shemeji hukaa kwetu, chumba cha nyuma, na mke wangu alikuwa ametoa mashati yake yote kabatini, safi na chafu, anayafua upya.

"Mama watoto, kuna jambo nataka kukwambia."

"La heri?"

"Si la heri sana."

Akalikamua shati mpaka likalia. "Basi liache. Kichwa changu kimejaa, ukiongeza hata tone kitapasuka. Utaniambia akisharudi."

"Sawa," nikasema.

Sawa! Tena nilishukuru. Nilivuta kiti, nikamsaidia kuanika, na moyoni nikasema si mimi niliyekataa kusema, ni yeye aliyekataa kusikia. Mwanamume mzima nikajificha nyuma ya beseni la nguo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walishasema, lakini mimi wazee nilikuwa nawasikia kwa sikio moja tu.

Ijumaa nikaitwa ofisini kwa meneja. Alikuwa amenyoa, amevaa tai, anatabasamu. Akaniketisha kwenye kiti cha wageni wa maana.

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu anasimama mbele ya hakimu, wakili anaweka ripoti mezani, kiwanda kinabeba mzigo wake, kijana anapanda ndege. Na yule mama wa usafi wanasema jana alifumbua macho."

"Alifumbua macho?"

"Alifumbua."

Nilitembea kwa miguu kurudi nyumbani, maana sikuweza kutulia ndani ya gari lolote. Nilikuwa naongea peke yangu barabarani. Kama mama wa usafi atapona, na shemeji akarudi, basi mimi naacha kazi hii, narudisha simu yao, nabandua picha zote ukutani. Nilikuwa nafanya mapatano na Mungu kama dalali.

Nikaingia ndani nimepaza sauti. "Jumatatu! Jumatatu anaachiwa!"

Weee! Mke wangu alinirukia shingoni. Mama mkwe, ambaye tangu nirudi hakuwa ameniambia neno zaidi ya "haya", aliinuka kwenye kiti changu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwanangu. Mwanangu weee. Nilikuwa nimekuwekea kinyongo, nisamehe."

"Mama, usiniombe msamaha," nikasema. Hilo lilikuwa neno la kweli pekee nililolisema wiki nzima.

Watoto wakatumwa soda. Mke wangu akaingia chumba cha nyuma, akatandika kitanda cha mdogo wake kwa shuka mpya. Akarudi anafuta mikono, uso unang'aa, akamkonyeza mama yake.

"Tumwambie?"

"Mwambie," akasema mama mkwe. "Asidhani ni yeye peke yake aliyehangaika."

"Na sisi hatukukaa kama magunia," akasema mke wangu. "Tulitaka kukushtukiza. Ngoja."

Akaleta simu yake, akaniwekea mbele ya macho.

Ilikuwa picha ya shemeji juu ya paa. Mikono ameitanua, magego nje, mji wa asali nyuma yake. Chini yake mke wangu alikuwa ameandika: *Huyu ni mdogo wangu. Mtazameni uso wake. Wanasema hakufanya kazi yake, lakini tazameni saa. Jioni ileile, saa ileile ya jaribio, alikuwa palepale kwenye jengo. Mtu huyu hakukimbia kazi. Mrudisheni kwa mama yake.*

Nikatazama pembeni chini. Rangi ya njano. Saa kumi na moja na nusu jioni.

"Umeiweka lini?" Sauti haikuwa yangu.

"Juzi. Unajua watu wangapi wameisambaza? Mpaka watu wa mji wenyewe! Kuna mmoja kaitafsiri kwa lugha yao. Gazeti lao limeichukua. Mimi ndiye niliyefikiria hiyo saa," akasema, na alikuwa anajivuna, masikini. "Nilijiuliza, ushahidi gani unashinda huu? Ripoti niliyoiona kwenye begi lako inasema saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili. Na yeye huyu hapa, saa kumi na moja na nusu, ndani ya jengo."

"Ifute."

"Nini?"

"Ifute sasa hivi! Nipe hiyo simu!"

Akaivuta simu nyuma, akanitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye kabati la vyombo. Mama mkwe alikuwa ameacha kutabasamu.

"Baba watoto, una nini?"

"Hayuko ndani ya jengo, yuko juu ya paa! Breki ziko chumba cha mashine, chini ya paa, mlango mwingine kabisa. Jaribio linachukua saa nzima, mama watoto, na mtu haondoki hata kwenda msalani."

Mke wangu hakusoma ufundi, lakini hajawahi kuwa mjinga. Niliiona ile hesabu ikipita usoni mwake, polepole.

"Sasa kama saa hiyo alikuwa paani," akasema, "kwenye breki alikuwa nani?"

Nikanyoosha mkono tena niichukue simu.

"Nakuuliza. Kwenye breki alikuwa nani?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hatukuijaribu. Nilimpiga picha kwenye breki ya namba mbili, nikaandika ni ya tatu. Yeye alikataa, mimi ndiye niliyemlazimisha. Jua lilikuwa linazama. Nilitaka… nilitaka hiyo picha."

Nimeshuhudia watu wakipewa habari mbaya. Wengine hupiga kelele, wengine hurusha vitu. Mke wangu alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amesimama, akaiweka simu mapajani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga mdogo wangu," akasema.

"Si wewe. Ni mimi."

"Wewe ulimfunga, mimi nikatia kufuli. Ungeniambia siku ile nilipokuwa nafua…"

"Ulisema nisikwambie."

"Nilisema!" Akanigeukia, na hapo ndipo sauti ilipopanda mpaka watoto wakasimama mlangoni na soda zao. "Nilisema! Kwani wewe mtoto mdogo? Nikikwambia usinizindue na nyumba inaungua, utaniacha niungue? Nilisema! Ungenishika kichwa, ungenipigia kelele masikioni! Ungeniambia neno moja tu, mke wangu, picha ile usimwonyeshe mtu!"

Alikuwa amesema kweli tupu. Akaanza kubonyeza simu, anafuta na machozi yanadondokea kioo. Akafaulu kuifuta. Akatafuta, akaikuta kwa mtu mwingine. Akatafuta tena, akaikuta kwa mwingine, na kwa mwingine, shemeji anacheka kila mahali. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Mama mkwe alikuwa amekaa tena kwenye kiti changu, mkoba mapajani, anatazama ukuta wangu wa miji.

"Watoto nendeni nje," nikasema. Hawakwenda.

Ndipo simu ikaita mikononi mwa mke wangu. Namba ndefu, ya nchi ile. Sote tukaitazama. Ikaita mpaka nikadhani itanyamaza, kisha mke wangu akaipokea, na kwa mazoea ya wiki ile akaiweka spika.

"Haloo. Naongea na dada wa mtuhumiwa?" Mtu alikuwa anaongea Kiswahili kizuri, cha taratibu. "Mimi ni mkalimani. Nipo na afisa wa upelelezi hapa, yeye anauliza na mimi natafsiri. Mnanisikia?"

"Tunakusikia."

"Kwanza anasema anasikitika kuwajulisha kwamba yule mama wa usafi amefariki leo asubuhi."

Mama mkwe alifumba macho. Alifumbua jana, nikawaza kama mpumbavu. Meneja alisema alifumbua.

"Kwa hiyo shauri limebadilika," sauti ikaendelea. "Si la kujeruhi tena. Ni la kuua bila kukusudia. Pili, afisa amemwonyesha mtuhumiwa ile picha mliyoisambaza. Mtuhumiwa ameacha maneno ya ripoti. Amekiri kwamba jaribio la lifti ya tatu halikufanyika."

"Amekiri?" akanong'ona mke wangu.

"Amekiri. Nisubirini, nasoma alivyosema." Karatasi zikasikika. "Anasema fundi mkuu wake alimpiga picha ya breki mwanzoni, akamwambia afanye jaribio, kisha akaondoka kwenda hotelini kufunga mizigo yake. Fundi mkuu hakujua lolote. Anasema alipobaki peke yake alichoka, akaacha kazi, akapanda juu ya paa kutazama mji. Na picha ile anasema aliiegemeza simu kwenye ukuta, ikampiga yenyewe."

Shemeji wangu! Mtu yuko kwenye chumba cha polisi cha nchi ya watu, ameonyeshwa picha ambayo mimi ndiye niliyeipiga, na wazo la kwanza lililomjia ni dada yake asibaki bila mume.

"Afisa ana swali moja kwa familia," akasema mkalimani, "na anaomba mlijibu vizuri, kwa sababu litaandikwa. Picha ile ilimfikia dada kwa simu, sivyo? Basi mnajua ilivyopigwa. Alijipiga mwenyewe kama anavyosema, au kulikuwa na mtu aliyempiga? Kama alikuwa peke yake, anabeba shauri lote peke yake. Kama kulikuwa na mkuu wake pale juu, basi aliyeamuru ni mkuu, na hali ya huyu kijana inakuwa nyingine kabisa."

Mke wangu alinitazama. Akawatazama watoto pale mlangoni.

"Siwezi," akasema. Akaiweka simu juu ya meza, katikati yetu, akajifunika uso kwa upande wa kanga.

"Haloo? Mpo?"

Mdomo nilikuwa nao, msomaji. Sauti nilikuwa nayo. Meza ilikuwa hatua moja kutoka nilipokuwa. Nilichotakiwa kusema ni neno moja la herufi nne, mimi, na ulimi wangu ukawa mzito kama vyuma vile ambavyo sikuvipakia. Niliwaza jela. Niliwaza watoto wanakua, wanaulizwa baba yao yuko wapi. Nikawaza hata meneja na tai yake. Shemeji peke yake ndiye niliyeshindwa kumuwaza, maana kila nikijaribu namwona anacheka.

"Haloo? Afisa anasubiri."

Mama mkwe akainuka. Akaja mezani polepole, akaiokota simu, akaifunika kwa kiganja ili kule wasisikie. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira yoyote usoni, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwanangu," akasema, "wanauliza. Niwajibu nini?"